Tahadhari moja kuanzia Tanga hadi Mtwara: sisi wa Pemba tufanye nini nayo?

Wakuu, salaam.

Leo naandika kwa hasira na sitaificha. Msimu mzima wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, tunaletewa karatasi ile ile ya tahadhari ya hali ya hewa baharini kwenye WhatsApp: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, mikoa ya Tanga, Pwani pamoja na Mafia, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, visiwa vya Unguja na Pemba. Basi, imeisha. Kesho yake inakuja nyingine, kilichobadilika ni tarehe. Ramani imepakwa njano, rangi ya tahadhari, kuanzia juu hadi chini. Kutoka Tanga hadi Mtwara, ukinyoosha mstari tu, ni karibu kilomita 600. Bahari yote hiyo inachafuka kwa pamoja na kutulia kwa pamoja?

Sasa mvuvi wa Mkoani, hapa Pemba, akishaisoma afanye nini? Hajaambiwa upepo unaanza saa ngapi wala unapoa saa ngapi. Hajaambiwa kama ni huku kwetu au ni Kilwa. Njano ikikaa wiki nzima huku maji yametulia, anaacha kuifungua, na mimi simlaumu.

Kusi hii vijana wa diko letu, bandari yetu ya wavuvi, walishusha chombo jua likizama, bahari shwari, njano ikiwa imeshazoeleka kwenye simu zao. Usiku wa manane likashuka wingu la mvua na upepo wake. Mashine ikaingia maji ikazima, wakakata nyavu wenyewe ili chombo kisilale. Wenzao wakawavuta alfajiri. Wako hai, alhamdulillahi, ila nyavu zile zilikuwa za mkopo na deni liko pale pale. Kinachoniuma zaidi ni mzee mmoja kusimama ufukweni na kusema, "Si walionywa hawa?" Walionywa nini? Karatasi iliyosema jambo moja jana, juzi na siku zote kabla ya hapo haijamwonya mtu.

Halafu hiyo mita 2. Nauliza wote mnaosoma: nani amewahi kuwaeleza maana yake? Urefu wa wimbi kwenye utabiri wa bahari si wa wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Ukikaa baharini saa kadhaa, wimbi moja moja linaweza kufika karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mita 2 ya karatasi imebeba ndani yake wimbi la karibu mita 4, na mwenye ngalawa hajaambiwa hilo hata kwa mstari mmoja. Hili halihitaji mashine mpya wala wafadhili, ni sentensi tu. Kwa nini haiandikwi?

Mkondo nao hautajwi kabisa. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo unausukuma, na kuna mahali unaweza kufika maili 4 za baharini kwa saa. Mashine ikikuzimikia kati ya Pemba na Tanga hukai pale ulipo, unapelekwa upande wa Kenya. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ukishika ndipo upepo na mkondo vinapokutana uso kwa uso, wimbi linakuwa fupi, limesimama, linavunjika juu ya chombo. Upepo wa kilomita 40 wa Julai na upepo wa kilomita 40 wa Januari ni bahari mbili tofauti, kila nahodha anajua. Na kina cha huku kwetu ni mamia ya mita, wakati kati ya Unguja na bara ni makumi tu. Bado tunaandikiwa mstari mmoja!

Najua atakuja mtu kusema bahari za tropiki ni ngumu kutabiri. Ni kweli. Karibu na ikweta tofauti za mgandamizo wa hewa ni ndogo, na wingu la dhoruba linaweza kuota na kupasuka ndani ya saa moja mbili. Vipimo vya baharini navyo ni vichache, na miaka ya maharamia wa Somalia ilizidisha pengo, kwa sababu meli zilizokuwa zikipima na kutuma hali ya hewa zilikwepa maji haya, na hata kuweka maboya ya vipimo upande huu kulikwama. Sawa. Lakini kama huna uhakika, sema uwezekano ni mkubwa au mdogo, na ni wakati gani. Kupaka pwani nzima njano ili lolote likitokea uonekane ulisema, huko ni kujikinga mwenyewe.

Na kwamba inawezekana tuliona Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipokuja tuliambiwa kiko umbali gani, kinaelekea wapi, taarifa juu ya taarifa. Boti za Dar na Unguja zikasimama, watu wakatii, mpaka kikafika jirani na Mafia tarehe 4. Watu walitii kwa sababu waliambiwa kitu cha kushika.

Lakini vimbunga kwetu ni vya kuhesabu: Zanzibar 1872, Lindi 1952, Hidaya. Kusi inakuja kila mwaka. Boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, jirani na Unguja, tarehe 18 Julai 2012 bila kimbunga chochote, ni upepo mkali na bahari iliyochafuka ya msimu ule ule tunaopewa njano.

India wana bahari hii hii. Tangu 2019 wana kifaa kiitwacho GEMINI kinachopokea tahadhari kwa satelaiti na kuitupia kwenye simu ya mvuvi aliyekwisha kupita minara ya simu. Sisi tukipita mnara, kwaheri.

Ninyi mnaotoa taarifa mnajijua. Tunataka Pemba iandikwe peke yake, upande wa magharibi kivyake na wa mashariki kivyake. Tunataka saa. Tunataka mkondo utajwe na wimbi kubwa litajwe. Na itoke mapema, kabla wavuvi wa dagaa hawajapakia taa.

Walioko Mafia, Kilwa na Tanga, wekeni hapa karatasi mliyoletewa leo na muandike bahari yenu ilivyokuwa kweli, tuzilinganishe.