Naomba ushauri: mwali unarudi ndani ya kichomeo tunapoongeza haidrojeni

Mwanzisha uzi
Ndugu wanajukwaa, ninashiriki majaribio ya turbini ya gesi ambayo vichomeo vyake huchanganya gesi asilia na hewa kabla ya mwako, ili oksidi za nitrojeni zipungue. Haidrojeni ilipofika asilimia 30 ya ujazo wa gesi, themokapo (vipima joto) za kwenye mdomo wa kichomeo zilionyesha joto likipanda ghafla, tukalazimika kurudi kwenye gesi asilia tupu. Wenzangu wanapendekeza tupunguze kipenyo cha kichomeo ili mchanganyiko upite kwa kasi zaidi. Kinachonitatiza ni kwamba kasi ya wastani tuliyoikokotoa tayari inaizidi mno kasi ya mwali, kwa hiyo sioni mwali unapenya wapi. Naombeni ushauri kabla hatujaanza kuchonga vichomeo vipya.

MwakoSafi
Mkuu, chunguza ukuta kwanza. Mtiririko unaogusa chuma hupungua kasi hadi sifuri, na wastani ulioukokotoa hauoni jambo hilo. Mwali wa methani hushindwa kupita hapo kwa sababu chuma hunyonya joto lake na kuuzima ukiwa umbali wa takriban milimita 2, lakini wa haidrojeni huweza kusogea hadi karibu milimita 0.6. Tena methani iliyochanganywa sawasawa na hewa ya kawaida huungua kwa takriban mita 0.4 kwa sekunde, ilhali haidrojeni huvuka mita 2, na hewa ya moto itokayo kwenye kompresa (sehemu ya turbini inayokandamiza hewa) huzipandisha kasi zote mbili.

Kwa hiyo kipimo cha kufuatilia ni jinsi kasi inavyoongezeka kwa kila milimita unapotoka ukutani, kama watafiti wa mwako Lewis na von Elbe walivyoonyesha mwaka 1943. Kipenyo kidogo kitasaidia kwa kiasi fulani, lakini utakilipia kwa upotevu wa shinikizo na ufanisi wa mtambo mzima. Mimi ningeanza na pazia jembamba la hewa isiyo na gesi kandokando ya ukuta, ili mwali ukifika hapo usikute cha kuunguza.

FundiTurbini
Nakubaliana na mwenzangu, ila katikati nako kuna njia. Ikiwa kichomeo chako huzungusha hewa kwa mapanga, kitovu cha mzunguko kinaweza kuwa na kasi ndogo, na mwali ukiwa hapo huusukuma mtiririko wa kurudi nyuma hadi ndani. Dawa yake ni kupitisha hewa isiyozunguka kwenye kitovu, na dawa hiyo haitibu tatizo la ukutani. Je, ni themokapo ipi iliyotangulia kupanda?

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana. Ya ukutani ndiyo iliyotangulia, na muda mfupi kabla yake shinikizo la chumba cha mwako lilianza kutetema kwa nguvu.

MwakoSafi
Maelezo hayo ya mwisho yanabadilisha ushauri wangu. Haidrojeni huufanya mwali uwe mfupi na ukae karibu zaidi na mdomo, hivyo gesi hutumia muda mdogo kuufikia, na mtetemo uliokuwa umetulia kwenye gesi asilia unaweza kuamka katika masafa mengine (idadi ya mitetemo kwa sekunde). Kila wimbi la shinikizo linapoipunguza kasi ya mtiririko kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwali hupata nafasi ya kuingia ukutani, hata kama wastani haujabadilika hata kidogo. Ukichonga kichomeo chembamba sasa, huenda ukauhamisha tu mtetemo huo.

Fungua rekodi ya shinikizo, utafute masafa yaliyotawala kabla ya joto kupanda, kisha jaribu kugawa gesi kwa viwango tofauti kati ya vichomeo ili miali yote isiitikie kwa pamoja. Wakati wa majaribio hayo, mfumo wa kukata haidrojeni uamuliwe na themokapo za ukutani zenyewe, wala msitegemee macho, kwa kuwa mwali wa haidrojeni hutoa mwanga hafifu.

FundiTurbini
Ukiipata rekodi, tuwekee hapa pamoja na joto la hewa inayoingia kwenye vichomeo.