Moto puani mwa ndege wakati wa kuwasha: stata iachiwe au iendelee?

Kijana_wa_Kisongo
Shikamooni wakubwa. Najifunza ufundi wa ndege hapa Arusha. Wiki iliyopita, baridi ile ya Julai mnayoijua, Meru haionekani kwa ukungu, tulikuwa tunawasha Cessna 182 ya zamani, ya kabureta. Ililala nje siku nne. Rubani akapiga praima, ile pampu ya mkono ya kuingiza petroli kwenye injini kabla ya kuwasha, mara nne, haikushika. Akaongeza tatu, halafu akaanza kusukuma throto, kitasa cha kuongeza nguvu ya injini, mbele-nyuma. Mimi nimesimama ubavuni na mtungi wa kuzimia moto, naona petroli ya bluu inadondoka chini ya boneti, to, to, to. Mara injini ikakohoa, pwaa! Ulimi wa moto ukatoka chini ya pua. Nikampungia mikono aachie stata. Hakuachia. Moto ukamezwa, injini ikashika. Baadaye akanifokea mbele ya abiria. Kosa langu nini?

Fundi_Mstaafu_Moshi
Marahaba mwanangu. Kukufokea mbele za watu si ustaarabu, ila kwenye stata yuko sahihi. Kabureta ya injini hiyo, yaani kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, iko chini, hewa inavutwa kupanda juu. Ukisukuma throto huku injini imesimama, petroli inarushwa juu, haina wa kuinyonya, inarudi kujaa kwenye boksi la chujio la hewa. Injini ikirudisha moto hapo, umewasha jiko. Ukiendelea kuzungusha, silinda zinaunyonya moto pamoja na petroli yake. Ukiachia, unabaki nao palepale.

Ikishika, iache kwenye mizunguko 1,700 hivi kwa dakika, kwa muda wa dakika chache, zima, kagua. Ikigoma: kitasa chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa kivutwe mpaka mwisho ili petroli ikatike, throto wazi yote, koki ya mafuta ifungwe, stata iendelee. Bado unawaka? Shukeni, zimeni kwa mtungi. Ukiwepo wa gesi ya kaboni dioksidi, tumia huo. Unga unazima pia, lakini unakula alumini. Nimewahi kukwangua unga kwenye injini siku mbili nzima.

Kosa lako ni matone. Uliyaona, ukanyamaza. Mikono ilikuwa ya kupungwa pale.

RubaniMama
Naunga mkono. Mimi praima ikifika ya nne bila kushika, nashuka kuchungulia chini ya pua, kukilowa nasubiri pakauke. Abiria wanadhani nimesahau simu. Mdogo wangu, chujio la hewa mlilikagua?

Kijana_wa_Kisongo
Asante mzee, asante dada. Hatukulikagua. Nimetoka kulifungua sasa hivi: limeungua upande wa chini, lina tundu kama sarafu ya shilingi mia. Na ndege imesharuka mara mbili tangu siku ile.

Fundi_Mstaafu_Moshi
Isiruke ya tatu. Iandike kwenye kitabu cha ndege leo hii, kabla rubani hajafika.