Sensa ya moshi wa sigara vyumbani: leza, infraredi au ile ya darini?

pwani_raskazone: Wadau za saa hizi. Nina gesti ndogo hapa Raskazone, Tanga, vyumba sita, nimebandika USIVUTE SIGARA mpaka mlango wa choo lakini wapi, mgeni akiondoka pazia linanuka wiki nzima. Fundi kanitajia sensa tatu zinazotumia mwanga, ya leza PMS5003, ya infraredi NDIR inayopima gesi, na ile ya moshi ya kubandika darini. Ipi inajua kwamba hii ni sigara kweli?

fundi_chumbageni: Hamna hata moja mkuu. Hiyo ya leza ina kifeni kinavuta hewa, chembe zikipita mbele ya leza zinatawanya mwanga yenyewe inahesabu, kuanzia mikroni 0.3. Mtu akiwasha sigara namba zinapaa chapchap. Shida ni kwamba ina macho haina pua, kwangu wife alitia udi kwenye chetezo jioni ikasoma juu kuliko sigara yangu mwenyewe (ndio navuta, msinisute)

dogo_maabara: NDIR achana nayo. Kila gesi inameza infraredi ya urefu wake wa wimbi, kaboni monoksaidi ni kama mikromita 4.6, sasa sigara moja chumbani inaongeza ppm (sehemu kwa milioni) chache tu na hizi za bei rahisi haziwezi kuona kiasi hicho. Ya CO2 ndo kabisaa, mgeni akilala tu inapanda kwa pumzi yake. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, ukitaka kuzitambua mojamoja mfano benzini, hiyo inameza mwanga wa urujuanimno (UV) karibu na nanomita 254, unahitaji mashine ya maabara sio kitu cha kuning'iniza ukutani

pwani_raskazone: Na ya darini?

fundi_chumbageni: Nayo ni mwanga kutawanyika vilevile ila imetengenezwa kwa ajili ya moto, mtu akivutia dirishani inakaa kimyaaa.

bibi_ngamiani: Mwanangu usiiweke karibu na bafu, mvuke wa maji ya moto nao inauhesabu ni moshi. Hapa kwangu mgeni wa watu kagongewa mlango yuko na taulo 😂

dogo_maabara: Na unyevu wa bahari unavimbisha chembe bi mkubwa, Raskazone asubuhi itasoma juu bure. Asiangalie namba yenyewe, aangalie inaporuka ghafla.

pwani_raskazone: Shikamoo bibi, asante. Nachukua leza mbili kwanza, nafunga mbali na bafu. Sasa nani ataniambia mama mzazi aache kufukiza ubani koridoni kila Alhamisi?