Naombeni ushauri: kocha tumvumilie au tumtimue?

Namba Sita
Wakuu, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi, nisaidieni mawazo kabla ya kikao cha Alhamisi.

Mimi ni mmoja wa wajumbe saba wa bodi ya klabu ya ligi kuu. Jina la klabu silitaji, na mkiitambua nyamazeni. Kocha wetu ana miezi 14 kazini. Mechi tisa zilizopita tumeshinda moja, sare mbili, tumefungwa sita. Tuko nafasi ya 15 kati ya timu 18. Mwenyekiti anataka tupige kura ya kuvunja mkataba, nao bado una miezi 22. Watatu wanataka aondoke, watatu wanataka abaki. Wa saba mnamjua.

Kinachonikwamisha ni kwamba huyu ni kocha wa nne ndani ya miaka mitatu. Kila anayekuja anasajili wake, akiondoka anatuachia. Tuna beki wa kati aliyenunuliwa kwa ajili ya kocha aliyechezesha mabeki watatu nyuma. Sasa tunacheza na wanne nyuma, yeye anaangalia mechi jukwaani na mshahara unaingia kama kawaida. Winga wa kulia wa mwaka juzi leo ni beki wa kushoto. Tukimtimua huyu tunaanza tena moja. Tusipomtimua, tunaweza kushuka daraja. Nifanyeje?

Mzee wa Benchi
Mpe muda, kijana. Ferguson aliingia Manchester United Novemba 1986. Kombe la kwanza, FA, alilipata 1990. La ligi, 1993. Hapo katikati alimaliza nafasi ya 11 mara mbili na ya 13 mara moja. Siku hizi asingemaliza msimu wa pili.

Kadi ya Njano
Mzee, huo mfano wa Ferguson umetumika mpaka umechakaa. Waliovumiliwa wakashuka daraja mbona hamuwataji? Angalia Chelsea. Machi 2012 walimtimua Villas-Boas, wakampa timu msaidizi wake Di Matteo, Mei wakabeba Ligi ya Mabingwa. Novemba naye wakamtupia virago, na msimu huohuo wakabeba Europa League chini ya Benitez. Januari 2021 wakamtoa Lampard, Mei Tuchel akawaletea Ligi ya Mabingwa nyingine. Nani alivumiliwa hapo?

Mzee wa Benchi
Hiyo ni klabu iliyokuwa na hela za Abramovich, mmiliki wao bilionea. Mleta uzi, nyie mna Abramovich?

Namba Sita
Mzee, sisi bado tunamlipa kocha wa pili fidia kwa awamu.

Kadi ya Njano
😂 Basi nimekaa kimya.

Daftari la Mechi
Mkuu Namba Sita, mjadala wa subira dhidi ya panga utakuzungusha. Utapata mfano wa kila upande.

Anza na hili la "moto wa kocha mpya", yaani imani kwamba timu hupata nguvu kocha akibadilishwa. Klabu hufukuza kocha ikiwa shimoni. Ukiwa shimoni, kinachofuata mara nyingi ni kupanda kidogo, kocha awepo asiwepo: mipira iliyokuwa inagonga mwamba inaanza kuingia, majeruhi wanarudi, ratiba inalegea. Kuna utafiti wa ligi ya Uholanzi, misimu ya 1986 hadi 2004, uliolinganisha timu zilizofukuza kocha na nyingine zilizoporomoka vilevile zikambakiza. Zote zilipanda, na waliofukuza hawakupata la ziada. Kwa hiyo mwenyekiti akikuambia kocha mpya ataleta pointi, muulize zitatoka wapi.

Ila hapa nakubaliana nusu na Kadi ya Njano: kumvumilia kocha tu si kujenga klabu. Chukua Freiburg ya Ujerumani. Kocha Streich alipewa timu mwishoni mwa 2011 ikiwa mkiani mwa Bundesliga, akaibakiza. 2015 akashuka nayo daraja. Hawakumfukuza. 2016 wakarudi wakiwa mabingwa wa daraja la pili, na 2022 walicheza fainali ya Kombe la Ujerumani. Watu husema "waliona mbali". Mimi nasema walijua wanavumilia nini. Streich alikuwa amefundisha vijana wao kwa miaka mingi, na hakuwa akiomba kikosi kipya kila dirisha la usajili. Alipoondoka 2024 nafasi ikachukuliwa na Schuster, aliyewahi kuwa nahodha wao.

Au Brentford ya Uingereza. Kocha Thomas Frank alianza Oktoba 2018 kwa kupoteza mechi nane kati ya kumi. Kule timu hupimwa kwa ubora wa nafasi inazotengeneza na inazoruhusu, msimamo wa ligi unafuata baadaye. Wakatulia. 2021 wakapanda ligi kuu.

Sasa geuza. Brighton walimwondoa Hughton Mei 2019, mtu aliyewapandisha ligi kuu na kuwabakiza misimu miwili. Ungesema hawana shukrani. Lakini mbadala walishamjua, Potter. Naye alipochukuliwa Septemba 2022 katikati ya msimu, akaja De Zerbi wakamaliza wa sita, wakafuzu mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza. Makocha wanapita, mfumo wa kutafuta na kusajili wachezaji unabaki palepale. Huko ndiko kujenga klabu.

Swali langu kwako ni moja: pale kwenu nani anaamua mchezaji anunuliwe? Ukishajibu, kaa na video za hizo mechi sita. Mabao mliyofungwa yanafanana? Kama matano yametokea upande wa kushoto, anakocheza yule winga wenu, basi wa kujibu ni aliyesajili.

Jezi Kuukuu
Niongeze la vyumbani, maana nimecheza miaka tisa. Ikishavuja kwamba kocha anaondoka, wachezaji ndio wa kwanza kujua. Klabu moja niliyopita, asubuhi kocha alipanga koni, akapiga filimbi, nahodha akaendelea kufunga kamba za viatu. Akapiga ya pili. Nahodha akahamia kiatu cha pili. Siku ile tulijua, hata kama bodi ilichukua wiki tatu kutangaza. Nenda mazoezini, usiangalie mpira, angalia miguu baada ya filimbi.

Kadi ya Njano
Hii ya kamba za viatu nimeichukua.

Namba Sita
Wakuu, nimerudi. Jana nilikaa jukwaani saa nzima. Kocha alisimamisha zoezi, akamshika winga wetu (beki wetu, samahani) kwenye mkono wa jezi, akamrudisha hatua tatu nyuma. Wakarudia. Akamrudisha tena. Mara ya nne kijana akasimama mwenyewe pale panapotakiwa, na beki wa kati akampigia makofi. Filimbi ikilia watu wanakimbia.

Halafu usiku nikaangalia video. Mabao 13. Manane yamepita kushoto.

Swali la Daftari nimelipeleka kwa katibu. Kanijibu kwa upole: orodha ya usajili huletwa na mwenyekiti, na mara nyingi anatoka nayo kwa wakala mmoja. Makocha wote wanne waliikuta mezani.

Alhamisi nitapiga kura abaki. Nitaomba pia kikao kijadili kuajiri mkurugenzi wa ufundi atakayeshika usajili, na mkataba wake usifungamane na wa kocha.

Mzee wa Benchi
Mwenyekiti atakubali hilo la pili?

Namba Sita
Hapana. Ndiyo maana nimempigia simu mjumbe mmoja wa upande wa "aondoke". Yeye ndiye aliyesaini malipo ya wale mabeki, na amesema anatafuta makaratasi yake.