Kugawa intaneti kutoka kwenye laptopu: hotspoti ya Windows, ICS au ninunue ruta?

Mkaa_Ghorofani
Wakuu, salaam. Chumbani kwangu kuna kebo moja tu ya intaneti, nimeichomeka kwenye laptopu yenye Windows 11. Nataka simu yangu, simu ya mdogo wangu na laptopu yake navyo vipate. Nikiwasha hotspoti, simu zinashika waifai vizuri ila zinaandika hakuna intaneti. Laptopu yenyewe inafungua kila kitu. Niendelee na hotspoti, nihamie ICS, ule ugawaji wa zamani wa kwenye sifa za kadi ya mtandao, au nikanunue ruta?

Fundi_Waya
Mkuu, kabla ya kuchagua njia, angalia simu imepewa anwani gani ya IP. Ikianza na 192.168.137, hotspoti imefanya kazi yake, tatizo liko upande wa laptopu kwenda intaneti. Laptopu ya mdogo wako ikionyesha 169.254, haikupewa anwani kabisa: huduma ya SharedAccess, ile inayoendesha ugawaji ndani ya Windows, imezimwa, au fayawoli ya antivairasi inazuia. Wengi huruka hatua hii, wanaishia kufuta draiva ambazo hazina kosa.

Binti_Kaskazi
Naongezea. Hotspoti na ICS kwa ndani ni mtambo uleule, ndiyo maana zote hutumia 192.168.137.1. Hotspoti ni rahisi kuwasha, lakini mwisho wake vifaa 8, na hujizima ikikaa bila mtu usipoondoa ule mpangilio wa kuokoa umeme. Simu ya zamani isipouona mtandao wako, weka bendi ya GHz 2.4 badala ya 5.

ICS inakupa uhuru wa kuchagua kadi inayotoa na inayopokea, hata kupeleka intaneti kwa kebo kwenye kompyuta isiyo na waifai. Kero yake: tangu Windows 10 toleo la 1709, ukizima na kuwasha mashine ugawaji unaweza kukatika mpaka utoe tiki na kuirudisha. Dawa ipo kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows), thamani ya EnableRebootPersistConnection iwe 1, na SharedAccess ijiwashe yenyewe. Kwa simu tu, mimi nabaki na hotspoti.

Mzee_wa_Kebo
Mimi nasema ruta. Laptopu ikifunikwa inalala, na nyumba nzima inakosa mtandao.

Mkaa_Ghorofani
Shukrani wote. Simu ina 192.168.137. Ila kuna VPN ya kazini, ile njia salama ya kuingilia mtandao wa ofisi, ambayo huwa naiacha imewaka mchana kutwa.

Fundi_Waya
Hapo hapo mkuu! VPN ikiwaka, data za laptopu hupita kwenye kadi yake ya kubuni, na VPN nyingi za kazini hukataa kupitisha vifaa vingine. Izime kidogo, ujaribu simu.

Utasikia ushauri wa kuigawa hiyo kadi ya VPN kwa ICS. Baadhi hukubali, lakini usifanye. Hilo ni handaki la mwajiri wako, mdogo wako hapaswi kupita humo.

Mkaa_Ghorofani
Nimeizima, simu zote zimefunguka papo hapo. Lakini mchana siwezi kukaa bila VPN.

Binti_Kaskazi
Basi kwa hali yako namuunga mkono Mzee. Kwenye ruta, VPN inabaki ndani ya laptopu yako, na simu zinapita njia yao.

Mzee_wa_Kebo
Ila muulize kwanza anayekuuzia intaneti kama laini imefungwa kwa anwani ya MAC ya laptopu, yaani namba ya utambulisho wa kadi yake ya mtandao. Kama imefungwa, ruta itawaka taa zote na mtandao usipite. Aisajili ruta, au akikubali, uinakili MAC ya laptopu kwenye mipangilio ya ruta. Nyingi zina sehemu hiyo.

Mkaa_Ghorofani
MAC yenyewe naipata wapi?

Fundi_Waya
Fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all. Chukua ya kadi ya kebo, usichukue ya waifai. Ni jozi 6 za herufi na tarakimu.