Likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina: tusogee wapi?

Kutoka: mwanafunzi, Wuhan

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Huu ndio mwaka wangu wa kwanza huku. Chuo kinafunga katikati ya Januari, Wachina wote wanakwenda kwao, na nauli ya kurudi nyumbani haishikiki. Sisi watatu tunawaza kuzunguka kidogo: Beijing au Xi'an kwanza, halafu mfuko ukiruhusu tuvuke Vietnam au Malaysia. Tuanzie wapi? Na ni kweli Mtanzania anaingia Malaysia bila viza, au ni maneno ya kijiweni?


Kutoka: mdau wa Guangzhou

Marahaba mdogo wangu.

Kabla hujatafuta tiketi, fungua pasipoti uangalie kilichobandikwa humo. Kila mtu anauliza ataingiaje huko aendako. Mimi nakuuliza utarudije Wuhan. Kama ulikuja na viza ya X1, ya masomo ya muda mrefu, ukaibadilisha ndani ya zile siku 30 ukapewa kibali cha kuishi, toka na ingia utakavyo mpaka kibali kiishe. Mwenye X2, ya masomo ya muda mfupi, ya kuingia mara moja akishatoka, viza yake imekwisha kazi, aanze upya ubalozini. Na vijana wengi wanakwama hapa: Hong Kong na Macau zinahesabiwa umetoka. Ukivuka pale Shenzhen kwenda kunywa chai upande wa pili, muhuri wa kutoka umeshagongwa.

Kama kibali kinakaribia kuisha, msipeleke pasipoti kukiongeza muda wiki ya mwisho kabla ya safari. Polisi wa uhamiaji wanaweza kukaa nayo hadi siku 15 za kazi, wewe unabaki na risiti. Risiti hiyo inakupandisha treni za ndani ya nchi. Nje haikupeleki.

Malaysia ni kweli, kwa matembezi mafupi Mtanzania haombi viza, na Mkenya pia. Singapore vilevile. Nchi zote mbili zina fomu ya kuwasili ya mtandaoni, unaijaza ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure. Ukiona ukurasa unadai dola, umeangukia kwa matapeli. Beba na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa taratibu kinachotazamwa ni ulikokuwa siku 6 zilizopita, na nyie mtakuwa mnatoka China, lakini ofisa akiona pasipoti ya Afrika Mashariki anaweza kukiulizia tu, na saa tisa usiku huna nguvu za kubishana naye. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 msiitupe, tangu Julai 2016 inatambulika kwa maisha yote.

Vietnam wana viza ya mtandaoni, na tangu Agosti 2023 iko wazi kwa pasipoti za nchi zote: hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja. Jazeni kwa makini mahali mtakapoingilia. Mkipitia nchi kavu kutoka Guangxi, jimbo la China linalopakana nao, kituo cha mpakani ni Huu Nghi, si uwanja wa Hanoi. Shida ni tarehe. Tet, mwaka mpya wao, inaangukia siku ileile ya Mwaka Mpya wa Kichina, 17 Februari 2026. Wiki hiyo ofisi zimefungwa, kwa hiyo zile "siku 3 za kazi" za kushughulikia viza zinarefuka, na ukishafika migahawa mingi imeshusha milango na mabasi yamejaa. Vietnam ningeiacha mpaka Machi.

Sasa usafiri wa ndani. Msimu wa watu kurudi makwao mwaka 2026 unaanza 2 Februari na unakwenda siku 40. Tiketi za treni zinafunguliwa siku 15 kabla kwenye 12306, mtandao rasmi wa tiketi za reli ya China, na pasipoti yako lazima iwe imeshathibitishwa humo, kwa hiyo fungueni akaunti leo, msingoje siku ya kununua. Mkichelewa mtaambulia tiketi ya kusimama. Nimeshasafiri hivyo kwenda Hunan kwenye treni ya kawaida. Watu wamekalia ndoo za rangi tupu walizokuja nazo makusudi, bomba la maji ya moto mwisho wa behewa lina foleni ya vikombe vya tambi, na kila mwenye mkokoteni wa vitafunwa akipita, wote mliosimama mnainua mguu mmoja. Kwa mara moja inavumilika. Kwa saa kumi na kitu mpaka Beijing, hapana.

Kwa hiyo mkishafunga chuo, ondokeni Januari hiyohiyo. Xi'an ningeitanguliza. Baridi ni kavu, ukivaa vizuri unatembea, na kwenye mtaa wa Waislamu karibu na Msikiti Mkuu hamtahangaika na chakula. Tafuteni vibao vya kijani vya halali, nyama ya kondoo na mkate wa kumega kwenye supu. Halafu Februari rukeni Kuala Lumpur, Malaysia. Ramadhani inatarajiwa kuanza siku moja au mbili baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, kwa hiyo mtakuta taa nyekundu za Wachina bado zinaning'inia na masoko ya futari yameshafunguliwa chini yake. Kwenye mtaa wa Kampung Baru alasiri wanapakua uji wa nyama na viungo kutoka masufuria makubwa na kuwagawia watu bure. Hata usiyefunga, nenda ukaone foleni ile.

Mizigo: mashirika ya bei rahisi hupima begi la mkononi, na kilo 7 ni 7 kweli. Na tangu 28 Juni 2025 pawabanki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, haipandi ndege za ndani ya China. Zile tulizonunua Kariakoo ziacheni hosteli.


Kutoka: dada wa Osaka

Naongezea kwa wa huku Japani, maana kila mwaka swali ni lilelile kuhusu ile pasi ya treni ya watalii. Wenye kadi ya ukaazi hatustahili. Ni ya wageni wa muda mfupi, na Oktoba 2023 ya siku 7 ilifika yeni 50,000, kwa hiyo hata mgeni wako apige hesabu kwanza. Mkaazi mwenye muda na mgongo imara anunue tiketi ya Seishun 18: yeni 12,050 kwa siku 5 mfululizo, treni za kawaida za JR, mashirika ya reli ya Japani, nchi nzima, shinkansen, zile treni za kasi, hazimo. Inauzwa kwa misimu tu. Mimi huipenda kwa sababu inakulazimisha kushuka vituo ambavyo usingevijua. Mume wangu anasema ni adhabu.

Ukitoka nje ya Japani, onyesha kadi ya ukaazi pale uhamiaji na uweke alama kwenye kile kisanduku cha kurudi katika fomu ya kutoka, upate ruhusa ya kurudi ndani ya mwaka 1. Usipoweka alama unahesabiwa umehama, na ukaazi umekwenda. Ofisa mwenye huruma atakuuliza. Wa haraka anagonga tu.

Tarehe za kukaa nyumbani: mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, katikati ya Agosti, na mwisho wa mwaka. Siku hizo treni za Nozomi, shinkansen za haraka zaidi kwenda Tokyo, hazina kabisa viti vya kukaa bila kuweka nafasi.


Kutoka: mwanafunzi, Wuhan

Asanteni sana kaka na dada. Tumeangalia pasipoti usiku huuhuu. Wawili tuna kibali hadi Julai, mwenzetu wa tatu yuko kozi ya lugha, ana X2 ya mara moja. Tumwache?


Kutoka: mdau wa Guangzhou

Msimwache, badilisheni njia. Xi'an nendeni wote watatu. Halafu badala ya Kuala Lumpur shukeni Yunnan, jimbo la kusini-magharibi: Kunming wakati huo jua linawaka mchana na Dali ina ziwa na milima bila kuvuka mpaka wowote. Sanya, kwenye kisiwa cha Hainan, ina bahari, lakini wiki ya Mwaka Mpya bei za vyumba zinapanda vibaya. Kuala Lumpur mtakwenda nyie wawili mwakani, au yeye akishapata kibali.

Wote andikeni barua ya ruhusa ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kuondoka. Mkifikia hotelini, hoteli itawaandikisha polisi yenyewe. Mkilala kwa rafiki, nendeni wenyewe na mwenyeji ndani ya saa 24, hata kama ni siku ya sikukuu.