Ruger Single-Six ya skrubu tatu: niiuze au nibaki nayo?

Habari wakuu, hasa mlioko Marekani. Naomba ushauri kuhusu revolva ya .22 (bastola yenye silinda ya matundu sita ya risasi), Ruger Single-Six ya zamani, ile yenye skrubu tatu ubavuni, ya kabla ya New Model ya 1973, yaani toleo jipya lenye kinga. Haijawekewa kinga ya usalama: ikidondoka na nyundo ikagonga chini, risasi iliyo mbele ya nyundo inaweza kulipuka. Ndiyo maana hujazwa risasi 5 tu, tundu la sita linaachwa tupu chini ya nyundo.

Mtutu hauna kutu, na nyundo ikivutwa silinda inajifunga bila kucheza. Silinda ya pili ya kubadilishia, ya .22 Magnum (risasi ndefu na zenye nguvu zaidi), ipo. Ila matundu mawili ya silinda ya .22 LR (risasi za kawaida za .22) yamebonyezwa ukingoni na pini ya kufyatulia, kwa kufyatuliwa bila risasi, na maganda hukwama humo. Nimeyasugua kwa brashi ya shaba na mafuta, wapi!

Kiwanda hufunga kinga bila malipo na kurudisha vipuri vya asili, lakini wakusanyaji huipenda ikiwa haijaguswa.

Je, nikiuza niiache ilivyo? Na nikibaki nayo, mibonyeo hiyo inatosha kunyooshwa na fundi bunduki, au nitafute silinda nyingine?